Mshauri wa Wanafunzi: Historia ya Kazi ya Kuonyesha Njia

 

Mara nyingi historia hutusimulia habari za wafalme, vita na wasafiri. Leo tutasoma habari ya kazi moja tu. Kazi hii haina bunduki wala taji, lakini imegeuza maisha ya watu wengi sana. Ni kazi ya mshauri wa wanafunzi.

Mshauri wa wanafunzi ni nani? Katika shule za sekondari za Marekani yuko mtu ambaye kazi yake si kufundisha hesabu wala jiografia. Kazi yake ni kukaa na mwanafunzi, kumsikiliza, na kuzungumza naye juu ya maisha yatakayokuja baada ya shule. Je, aende chuo? Chuo gani? Ada itatoka wapi? Au ajifunze ufundi? Ufundi upi unaomfaa?

Unaposoma somo hili, shika swali moja mkononi. Mshauri mwema humchagulia kijana njia, au humwonyesha njia zilizopo ili achague mwenyewe? Wamarekani wameshindana juu ya jambo hili kwa zaidi ya miaka 100. Na sisi wenye watoto, wadogo na wajukuu, swali hili linatuhusu vilevile.

1. Zamani kazi ilionekana kwa macho

Zamani mtoto alijua kazi yake kabla hajaota ndevu. Mtoto wa mvuvi alikwenda baharini na baba yake, akajifunza kufuma nyavu na kuzijua pepo za kusi na kaskazi. Mtoto wa mhunzi alivukuta moto, na siku moja akapewa nyundo. Mtoto wa kike alijifunza kwa mama na bibi yake. Kazi zilikuwa chache, na zote zilifanywa mbele ya macho yake. Ulaya na Marekani pia, kwa muda mrefu, mambo yalikuwa karibu na hivyo.

Kisha vikaja viwanda, reli na miji mikubwa. Badala ya kazi kumi kukawa na kazi mamia. Nyingi zilifanywa nyuma ya kuta, mahali ambapo mtoto hakuweza kuchungulia. Wazee wetu walisema, usilolijua ni usiku wa giza. Kijana wa mjini alikuwa katika giza hilo. Alishika kazi ya kwanza aliyoipata, akaiacha, akashika nyingine, miaka ikapita.

Wengine hawakungoja hata kuwa vijana. Hesabu ya watu iliyofanywa Marekani katika mwaka wa 1900 ilionyesha kwamba watoto zaidi ya 1,700,000, wenye umri wa miaka 10 mpaka 15, walikuwa wakifanya kazi. Wengi walikuwa mashambani, na wengine viwandani na katika migodi.

2. Bwana Frank Parsons wa Boston

Twende sasa katika mji wa Boston, mashariki ya Marekani, kando ya bahari. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtaa wake uitwao North End ulijaa wageni waliotoka Italia, Urusi na nchi nyingine za Ulaya. Walikuja kutafuta riziki, na wengi hawakujua Kiingereza.

Katika mtaa huo palikuwa na jumba liitwalo Civic Service House. Watu wazima waliofanya kazi mchana kutwa walikuja hapo jioni kujifunza kusoma, kuandika na kuzijua sheria za nchi. Ndugu msomaji, angalia jambo hili vizuri. Kazi ya mshauri ambayo leo inajulikana katika shule za sekondari haikuzaliwa katika chuo kikuu. Ilizaliwa katika nyumba ya masomo ya jioni ya watu wazima, watu kama wewe.

Mtu aliyeianzisha aliitwa Frank Parsons. Alizaliwa mwaka wa 1854, akasoma uhandisi, yaani kazi ya kujenga madaraja, reli na mitambo. Alimaliza masomo mwaka wa 1873 akaajiriwa na kampuni ya reli. Lakini mwaka huohuo biashara ya Marekani ilianguka, na kampuni ile ikafilisika. Basi mhandisi huyu kijana akafanya kazi ya mikono katika kiwanda cha chuma. Baadaye akawa mwalimu wa shule. Akasoma sheria akawa mwanasheria. Akaandika vitabu, akafundisha katika vyuo, na mwaka wa 1895 akagombea umeya wa Boston asiupate. Mtu huyu alijua kwa nafsi yake maana ya kutangatanga kutoka kazi hii mpaka ile.

Katika Januari 1908 Parsons alifungua ofisi yake katika Civic Service House. Iliitwa Vocation Bureau, maana yake ofisi ya kushauri watu juu ya kazi za maisha. Gharama zake zililipwa na mama mmoja tajiri, Bibi Pauline Agassiz Shaw, ambaye alikuwa amesaidia elimu mjini Boston kwa miaka mingi. Katika miezi michache ya mwanzo watu wapatao 80, wanaume na wanawake, walikuja kuomba shauri. Mdogo wao alikuwa na miaka 15, na mkubwa wao alikuwa mzee wa miaka 72. Mzee yule hakuona haya kuuliza, na Parsons hakumwambia kwamba amechelewa.

3. Hatua tatu za Parsons

Parsons alifundisha kwamba kuna hatua tatu za kuchagua kazi. Zisome polepole, maana mpaka leo hazijachakaa.

Hatua ya kwanza ni kujijua. Una nguvu gani? Unapenda nini? Unashindwa wapi? Una mali kiasi gani, na ni nani nyuma yako wa kukusaidia? Parsons alimpa kila mtu karatasi ya maswali mengi, zaidi ya 100, akamwambia aende nayo nyumbani akayajibu kwa kweli bila kujisifu.

Hatua ya pili ni kuijua kazi yenyewe. Yataka elimu gani? Mshahara wake ni kiasi gani? Ina hatari gani? Je, kuna nafasi ya kupanda?

Hatua ya tatu ni kuyaweka mambo hayo mawili pamoja na kuyapima kwa akili. Mimi niko hivi, na kazi iko hivi. Je, tunafaana?

Parsons hakuwa malaika, na baadhi ya njia zake hatuzifuati tena. Kwa mfano, alidhani kwamba umbo la kichwa cha mtu laweza kuonyesha tabia yake, jambo ambalo si kweli. Lakini kuna neno moja alilisisitiza sana. Alisema kwamba hakuna mtu awezaye kumkatia mwenziwe shauri la kazi gani afanye. Awezalo ni kumsaidia kulitazama jambo hilo mpaka alione wazi na kuamua mwenyewe.

Parsons hakuishi kuona matunda yake. Alifariki katika Septemba 1908, kabla ofisi yake haijatimiza mwaka mmoja. Kitabu chake juu ya kuchagua kazi kilitolewa mwaka wa 1909, na rafiki zake wakaendelea na kazi.

4. Shule zapokea kazi hiyo

Baada ya Parsons kufariki, wakuu wa shule za Boston waliomba msaada wa ofisi yake. Walimu zaidi ya 100 wakachaguliwa kuwa washauri katika shule zao, huku wakiendelea na kazi yao ya kufundisha.

Mbali na Boston, katika mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan, alikuwapo mwalimu mkuu aitwaye Jesse Davis. Kuanzia mwaka wa 1907 aliwataka walimu wa Kiingereza watumie baadhi ya vipindi vya insha kwa habari za kazi. Mwanafunzi aliandika juu ya tabia yake mwenyewe, juu ya kazi anayoitamani, na juu ya yale anayopaswa kufanya ili aifikie. Hivyo mtoto alijifunza kuandika, na papo hapo akajifunza kujifikiria.

Katika mwaka wa 1913 washauri walikutana katika mji huohuo wa Grand Rapids wakaunda chama chao cha nchi nzima. Kazi iliyoanza katika chumba kimoja cha North End sasa ilikuwa na jina na watu wake.

5. Mitihani ya kupima akili

Hapa ndipo njia ilipoanza kupinda. Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka wa 1917. Jeshi lilitaka kujua upesi ni nani afanywe ofisa na nani abebe mizigo. Wataalamu wakatunga mitihani ya kupima akili, na askari wapatao 1,700,000 wakapimwa. Waliojua kusoma Kiingereza walipewa mtihani wa maandishi. Wasiojua walipewa mtihani wa picha.

Picha moja ilionyesha uwanja wa tenisi usio na wavu, na mtu aliambiwa achore kitu kilichopungua. Sasa fikiri, ndugu msomaji. Mkulima aliyetoka kijijini huko Italia, ambaye hajaona tenisi maisha yake yote, atachora nini? Akishindwa, je, ni mjinga? La, hakuwahi kuona mchezo huo, basi. Lakini karatasi yake iliandikwa alama ndogo, na alama ndogo ikaitwa akili ndogo.

Baada ya vita mitihani ya namna hiyo iliingia shuleni. Ilikuwa na faida yake, maana mara nyingine ilimfunua mtoto wa maskini mwenye akili kali ambaye hakuna aliyemtazama. Lakini pia iliwafanya washauri wengi watazame karatasi badala ya kumtazama mtoto. Watoto wa wageni, wa maskini na wa Wamarekani weusi walipelekwa mara nyingi katika madarasa ya kazi za mikono, wakaambiwa kwamba vyuo haviwafai.

Wengine waliona hatari hiyo. Katika mwaka wa 1942 mtaalamu aitwaye Carl Rogers alitoa kitabu juu ya kazi ya kushauri. Alifundisha kwamba mshauri asikimbilie kutoa hukumu. Kwanza asikilize, tena asikilize kwa heshima, maana mtu akisikilizwa vizuri hupata nguvu ya kujitafutia njia yake.

6. Chombo cha angani chafungua mifuko ya serikali

Tarehe 4 Oktoba 1957 Muungano wa Kisovieti, ambao Urusi ilikuwa ndani yake wakati ule, ulirusha angani chombo kiitwacho Sputnik. Kilikuwa chombo cha kwanza kilichotengenezwa na wanadamu kuizunguka dunia. Wamarekani walishtuka. Walijiuliza, Warusi wametupita vipi katika sayansi?

Katika Septemba 1958 Rais Eisenhower alitia saini sheria mpya ya elimu. Sheria hiyo ilitoa fedha nyingi kwa masomo ya sayansi, hesabu na lugha za kigeni. Sehemu yake moja ilitoa fedha za kuwafundisha washauri na kuwaajiri katika shule za sekondari, ili watafute watoto wenye akili na kuwatia moyo waende vyuoni. Katika miaka michache idadi ya washauri ilizidi maradufu.

Hata hivyo twaona jambo. Parsons aliuliza, kazi gani itamfaa kijana huyu? Serikali sasa iliuliza, kijana gani ataifaa nchi? Maswali haya mawili yote ni ya haki. Lakini si swali moja, na mshauri alikaa katikati yake.

7. Neno linalofunga mlango

Neno la mshauri ni dogo, lakini lina uzito. Sikiliza habari za watu wawili.

Wa kwanza ni Malcolm X, aliyekuwa baadaye kiongozi maarufu wa Wamarekani weusi. Alipokuwa mvulana katika jimbo la Michigan alikuwa miongoni mwa wanafunzi bora wa darasa lake, na darasa lilikuwa la watoto weupe karibu wote. Mwalimu mmoja alimwuliza anataka kuwa nani. Akajibu, mwanasheria. Mwalimu akamwambia kwamba hilo si jambo la kufikiriwa na mtu mweusi, bora awe seremala. Hakuwa mwalimu mbaya kwa mambo yote, na useremala ni kazi ya heshima. Kosa lake ni kwamba hakutazama alama za kijana, alitazama rangi ya ngozi. Malcolm aliacha shule baada ya darasa la nane. Baadaye, akiwa gerezani, alinakili kamusi kwa mkono wake ili apate maneno, akajisomesha upya. Habari hiyo imo katika kitabu cha maisha yake kilichotolewa mwaka wa 1965.

Wa pili ni Michelle Obama, mke wa Rais wa zamani Barack Obama. Alipokuwa msichana katika shule ya sekondari mjini Chicago alitaka kwenda chuo kikuu cha Princeton, ambako kaka yake alikuwa akisoma. Mshauri wa shule, baada ya mazungumzo mafupi, alimwambia kwamba haoni kama yeye ni mtu wa kufaa Princeton. Michelle aliumia, lakini hakukubali. Alimwendea mwalimu mkuu msaidizi aliyemjua vizuri, naye akamwandikia barua ya kumpendekeza. Alikubaliwa, akamaliza Princeton mwaka wa 1985, kisha akasoma sheria Harvard. Aliyasimulia haya mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka wa 2018.

Tazama tofauti. Michelle alikuwa na kaka aliyemtangulia, wazazi waliomtia moyo, na mwalimu mwingine wa kumwendea. Mtoto asiye na watu hao huliamini neno la kwanza aliloambiwa. Mlango ukifungwa, hajui kwamba upo mwingine.

8. Kazi ya mshauri siku hizi

Siku hizi mshauri wa shule ya sekondari ya Marekani ana kazi nyingi mezani. Humsaidia mwanafunzi kuchagua masomo, kwa sababu vyuo vingine havimpokei asiyesoma hesabu au sayansi ya kutosha. Huandika barua za kumpendekeza. Hupeleka vyuoni hati ya matokeo yake. Humweleza tarehe za mwisho za maombi, maana fomu ikichelewa siku moja, mwaka mzima waweza kupotea. Humwonyesha namna ya kuomba msaada wa ada serikalini. Kwa mtoto ambaye wazazi wake hawakusoma chuo, fomu hizo ni kama msitu mnene, na mshauri ndiye mwenye panga la kufyeka kijia. Kadhalika huwasaidia wale wasiotaka chuo, wanaotafuta ufundi au kazi.

Lakini washauri ni wachache. Chama chao kinashauri kila mshauri awe na wanafunzi 250, wasizidi. Katika mwaka wa shule wa 2022–23 wastani wa nchi nzima ulikuwa wanafunzi 385 kwa kila mshauri. Mtu mmoja atawajuaje watoto 385? Majina atayajua, na alama zao ataziona katika karatasi. Ndoto zao atazijua lini? Ukikumbuka habari ya Michelle, utaona kwamba mazungumzo mafupi yana hatari yake.

9. Na sisi je?

Kazi ya mshauri haifanywi na mwenye cheo hicho peke yake. Kumbuka habari ya mwaka wa 1959. Wakati ule Afrika Mashariki ilikuwa bado chini ya Waingereza, na nafasi za elimu ya juu kwa Waafrika zilikuwa chache mno. Bwana Tom Mboya wa Kenya alisafiri Marekani akizungumza na watu, akiomba vyuo vitoe nafasi na watu watoe fedha. Nyumbani wazazi na majirani walichanga nauli. Katika Septemba mwaka huo ndege ilitoka Nairobi na wanafunzi 81 kwenda Marekani, na wengine wakafuata katika miaka iliyokuja. Aliyebisha hodi vyuoni, aliyetoa shilingi yake, aliyemwambia kijana “jaribu”, wote walifanya kazi ya mshauri.

Nawe pia waweza kuifanya. Labda unasema, mimi ndiyo kwanza nimejifunza kusoma, nitamshauri nini mtoto wa sekondari? Rudi kwa Parsons. Hatua ya kwanza, kumjua mtoto: nani amjuaye kuliko wewe? Muulize anachopenda, kisha nyamaza umsikilize. Hatua ya pili, kuijua kazi: huijui? Mpeleke kwa anayeijua. Muuguzi wa zahanati, fundi wa magari, karani wa benki, bwana shamba, wote ni watu wa kuulizwa. Hatua ya tatu, muache apime. Usimwambie “wewe huwezi” kabla hajajaribu, wala usimlazimishe awe daktari kwa sababu wewe ulitamani udaktari.

Mwonyesha njia husimama njia panda, akanyosha mkono, akasema: hii yaenda mtoni, ile yaenda mlimani, na ile ina miiba. Kisha humwacha msafiri aende kwa miguu yake mwenyewe.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mtoto wa mvuvi wa zamani hakuhitaji mshauri, na kijana wa mjini alimhitaji?
2. Taja hatua tatu za Parsons. Zitumie kwa kazi moja unayoijua.
3. Mtihani wa picha ya tenisi ulikuwa na kosa gani?
4. Je, uliwahi kuambiwa neno lililokufungulia mlango au lililokufungia? Andika sentensi tano juu ya jambo hilo.
5. Wiki hii muulize kijana mmoja wa nyumbani kwako angependa kufanya kazi gani, na kwa nini. Msikilize bila kumkatiza. Andika aliyosema, uje nayo darasani.